Kanda ya Chitanda

Mhariri ameuliza kwa simu:
"Huyu roboti mwenye chale usoni umemtoa wapi?"
Nimemwambia nitampigia.
Kalamu ya wino ilikuwa mdomoni.

Nimemtoa kwa Chitanda, nyuma ya ghala la korosho, Newala,
banda la mabati, magunia madirishani,
shilingi hamsini, watoto mbele, chini kwenye mchanga,
harufu ya petroli na miguu ya watu.
Televisheni ilikuwa na ugonjwa wake:
kila kitu kijani upande wa kushoto.
Mpaka leo sayari zangu zina kijani upande wa kushoto
na wasomaji wananisifu kwa ubunifu.

Chitanda hakujua lugha ya kanda hata moja.
Alishika kipaza sauti akafasiri zote.
Mfalme wa nyota akinguruma,
Chitanda husema: "Nani kachukua jembe langu?"
Roboti akiwasha macho mekundu:
"Mimi ndiye Bwana Ushirika. Korosho zenu nimepima.
Fedha njooni mwezi ujao."
Banda zima lilizomea. Baba alizomea kuliko wote,
na msimu ule sikumwona akicheka mahali pengine.

Julai wanaume walibeba pampu za salfa mgongoni,
kitambaa puani, miwani ya pikipiki,
wakaingia mikoroshoni na ngurumo yao
wakatoka ndani ya wingu la njano
wakiwa si baba zetu.
Nilikuwa na miaka tisa. Nilihesabu vidole vyao.

Rubani wangu, Somoe, ni shangazi,
aliyeanika betri za redio juu ya bati
zipate nguvu ya kumalizia salamu za wasikilizaji.
Nywele zake zimetoka kwenye ubao wa kinyozi wa sokoni,
kichwa namba tisa,
ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiagiza.
Chombo chake kinatumia maji, si petroli,
na kwa kuwa hii ni Newala
kurasa thelathini za mwanzo hakijaruka:
yuko kwenye foleni ya bomba,
ndoo mkononi, kofia ya chuma kwapani,
anagombana na aliyempita.

Na chale?
Chale ni za lipiko.
Siku ya kwanza nilipomwona akichomoza vichakani,
uso wa mti, nywele za mtu kweli,
nilimwuliza shangazi jenereta lake liko wapi.
Alinifinya. Alama ninayo.

Kanda ile sikuwahi kuiona mwisho.
Petroli iliisha palepale kila mara:
mlango wa chuma unafunguka, mwanga, mkono,
halafu giza, na watu wanadai hamsini zao.
Chitanda alisema kesho.
Kesho alianza mwanzo.
Nikamalizia mwenyewe nyuma ya daftari,
chini ya jedwali la kuzidisha,
miisho kumi na minne.
Katika mmoja Bwana Ushirika analia, na machozi ni mafuta ya taa,
na watu wanakuja na vibatari.

Mwaka jana niliitafuta nikaipata.
Nikaitazama kwenye simu, bando zima likaishia humo.
Mlangoni alikuwa mke wake.
Wakakumbatiana, muziki, majina ya watu.
Roboti hakusema neno.
Alikuwa amebeba trei.

Nilikaa kama aliyepokea simu ya msiba
iliyokosea namba.
Chitanda alihamia Tunduru, wengine wanasema alivuka Ruvuma.
Sina wa kumwambia kwamba yake ilikuwa nzuri zaidi.

Simu inaita tena.
Ukurasa wa thelathini na moja, mlango unafunguka
kwenye ukingo wa Shimo la Mungu, ukungu unapanda,
na Bwana Ushirika, chale zake mbichi kwa wino,
amemnyooshea Somoe mkono.
Mkononi kuna stakabadhi.
Kiasi sijakiandika.
Baba yuko chumba cha pili, nitamwuliza
zilikuwa kilo ngapi.