Tulirudi na Kikapu Kitupu

Wa kwanza tuliuziwa kama mbuzi kwenye gunia,
ila gunia lenyewe lilikuwa boksi la ndizi,
kwenye maegesho ya kituo cha mafuta, kusini mwa Lahti,
na muuzaji hakuzima hata injini.
"Mama yake yuko shamba." Shamba gani, hatukuuliza.
"Vyeti vitakuja kwa posta." Lini, hatukuuliza.
Euro mia nne, taslimu. Tukajiona wajanja.
Rahisi ghali, walisema waliosema.
Siku ya tisa Nappi alikataa maji.
Siku ya kumi na moja Tuulikki alimviringisha ndani ya sweta yake ya kijani,
nami nikatoka na jembe.
Ardhi ilikuwa imeganda. Niligonga, nikagonga,
kama agongaye mlango wa mtu aliyemo ndani na hataki kufungua.

Februari nyingine.
Saa tatu za barabara nyeupe hadi Suonenjoki,
misonobari imebeba theluji mabegani,
na kikapu kipya kiti cha nyuma,
nimekifunga mkanda kama abiria.
Mfukoni nina karatasi: maswali kumi na saba.

Hilkka anafungua mlango kwa kiwiko, mikono imelowa maziwa.
Hanipi nafasi ya kuitoa karatasi.
"Nani yuko nyumbani mchana?"
"Ngazi za kwenu ni ngapi?"
"Mbwa huyu ataishi miaka kumi na minne. Wewe una mingapi?"
Nikajumlisha. Jumla sikuipenda.
"Na yule wa kwanza, alikufaje?"

Tuulikki alitazama soksi zake.
Nikaeleza mimi. Maegesho. Boksi. Injini.
Hilkka hakutukaripia. Alimimina kahawa,
na kimya chake kikatuchapa kuliko fimbo.

Mimi niliyekuja kuchagua
ndiye niliyekaguliwa meno.

Kisha akatuingiza jikoni, na mama alikuwapo.
Mama mzima, mweusi, kidevu cha kahawia,
kando ya jiko la kuni, na vilebu watano tumboni pake
wametapakaa kama viatu vilivyovuliwa kwa haraka.
Alitunusa vidole. Akafikiri. Akalala tena.
"Anaitwa Routa."
Kwa lugha yetu ndiyo baridi iingiayo ardhini,
ile ile iliyolikataa jembe langu.

Dirishani Hilkka aliinua picha ya eksirei:
nyonga za Routa, mfupa umetulia katika kikombe chake.
Cheti cha macho. Tarehe za chanjo. Dawa ya minyoo.
"Amezaa mara mbili. Ya tatu haipo."

Ukutani, dume mmoja mwenye utepe wa ushindi,
manyoya kama moshi wa asubuhi.
Nikauliza, huyo naye?
"Tuisku. Wanawe wawili walipofuka kabla ya kutimiza miaka mitatu.
Niliwapigia simu wote walionunua, mmoja baada ya mwingine.
Wengine walilia. Mmoja alinitukana, na alikuwa na haki.
Sasa kazi yake ni kunipasha moto miguu."
Akapangusa fremu kwa mkono wa sweta.
"Damu safi si damu isiyo na aibu.
Ni damu ambayo aibu zake unazijua kwa majina."

Wale watano wana wenyewe.
"Agosti, labda. Kwa Halla, dada yake. Nimesema labda.
Na mkishindwa, hata akiwa mzee wa miaka kumi,
anarudi hapa. Hapa, si kwingine.
Nitaandika, nanyi mtatia sahihi."

Karatasi yangu ilibaki mfukoni.
Hata bei nilisahau kuuliza.
"Tuache amana?" akasema Tuulikki.
"Acheni blanketi. Halla atalilalia.
Mtoto akija kwenu, aje na harufu ya mama."

Giza liliingia saa kumi na moja.
Tulirudi na kikapu kitupu,
kitupu hata blanketi hakina,
na mkanda nikakifunga vilevile.