Hema la Mtu Mmoja

Miaka thelathini na moja nililala na watu.
Zamu za usiku, wodi ya wazazi, Ndanda,
kisha nyumbani, kitanda cha futi tano,
mtoto huku, mtoto kule,
na marehemu Chilumba akikoroma katikati
kama mashine ya kubangulia korosho.

Siku niliyostaafu walinipa vitenge viwili na feni.
Nikaviweka kabatini, nikasema:
sasa nataka hema.
"Hema la nini, mama? Kuna msiba?"
Hapana. La kulala.
"Na nani?"
Na mimi.

Masasi, duka la kwanza: turubai la kuanikia korosho,
zito, linanuka mafuta ya taa.
"Kamba unafunga mti huu, na ule, na ule pale,"
akasema muuzaji,
akinihesabia miti nisiyokuwa nayo.

Duka la pili: la kijani, la watalii au la wanajeshi,
mwenyewe hakujua. Vyuma kumi na vinane,
maelezo kwa Kichina,
na picha ya wanaume watatu wanaocheka.
Nikauliza: na wa nne, aliyelisimamisha, yuko wapi?

Nikaishia kwa Akwilombe, fundi wa miavuli na zipu.
Alinitazama kitambo.
"Wewe unataka lenye akili."
Akashusha darini duara, jembamba kama ungo,
mali ya mtu aliyeleta na hakurudi kulichukua.
Akafungua kifungo. Akarusha.
Likaruka hewani, pwaa!
likatua likiwa nyumba.
Mbuzi wa jirani alikimbia hadi stendi.

Nikaingia palepale, viatu mkononi.
Nikanyoosha miguu: vidole havikugusa ukuta.
Nikakaa: kilemba hakikugusa dari.
Mshono mmoja ulikuwa umeachia,
akaushona nikiwa humo ndani,
sindano ikiingia na kutoka
kama inayopiga hodi na kughairi.
Elfu thelathini na tano.
Sikupunguziwa. Sikuomba.

Newala, ukingoni, pale ardhi inapokatika ghafla
na Ruvuma kule chini
ni uzi uliosahauliwa kwenye pindo.
Nikarusha. Pwaa. Nikaingia, nikavuta zipu.

Nilidhani kimya hakina kazi.
Kumbe upepo ulikuwa ukilamba kitambaa,
mdudu akipita nje kwa miguu ya kuhesabika,
na tumbo langu likisimulia muhogo wa mchana.
Saa nane nikaamka, mazoea,
masikio yakitafuta nani analia.

Hakuna aliyelia.

Nikageukia kulia. Nikageukia kushoto.
Kisha nikalala katikati.
Katikati kabisa.

Asubuhi ndipo nilipojua
kwamba Akwilombe alinifundisha kufungua tu.
Nililipinda, likanipinda.
Nililikalia, likaninyanyua.
Watoto waliotoka kuchota maji
walisimama na ndoo vichwani
wakimtazama mkunga mstaafu akipigana mieleka na nyumba.
"Bibi," mmoja akasema, "lishike masikio!"
Nililishika. Halikuwa na masikio.

Likarudi likiwa wazi, juu ya bodaboda hadi stendi,
dereva akiendesha kwa mkono mmoja
na mwingine akiuzuia upepo usituchukue.
Konda wa basi alilizunguka mara mbili,
akalitoza nauli ya mtu mzima.

Sasa liko uani,
kati ya banda la kuku na kamba ya nguo.
Halijakunjika hadi leo.
Wajukuu wamekatazwa, kuku hawasikii.
Mwanangu wa Mtwara mjini anapiga simu:
"Mama, watu wanasema."
Nami namwambia waseme taratibu,
kitambaa ni chepesi, nasikia yote.

Mama Nangololo wa nyumba ya pili
hupita kila jioni, hujambo sijambo,
macho kwenye zipu.
Juzi alisimama. Akasogea.
Akauliza kwa sauti ya mtu anayekopa chumvi:
"Linaumiza mgongo?"

Nikamwambia: tandika mkeka,
shuka ikunje mara nne, iweke chini ya kiuno.
Alhamisi ni yako.
Viatu acha nje.