Gawanya kwa Mia Mbili Sitini na Moja

Shamba la mawaridi lilipofungwa, pale Nkumba,
walikata maji kwanza, umeme baadaye,
na chumba cha baridi kikaanza kunuka
kama harusi ya juzi.
Mimi, karani wa mishahara, mtoto wa Bombo,
nilibaki na funguo, kikokotoo,
na daftari la watu mia tatu wasio na kesho.

Akaja Sietse, shingo imeiva kwa jua la miaka minne,
akavuta kreti akakalia.
"Mastura, nijumlishie.
Kwetu wanataka kujua nilipata nini
miezi kumi na miwili."
Hawakuuliza ana watoto wangapi,
wala kama anakunywa,
wala kama ukungu uliingia kwenye maua kwa uzembe wake.
Nilipata nini. Basi.

Nikajumlisha, na posho ya likizo ndani:
yuro arobaini na moja elfu, mia saba na sitini.
"Gawanya kwa mia mbili sitini na moja.
Ndizo siku za kazi za mwaka wetu."
Ikatoka mia na sitini, bila mkia.
Miezi miwili ya kwanza, robo tatu yake: mia na ishirini.
Kisha sabini kwa mia, mpaka muda wake ukatike:
mia na kumi na mbili.
Akaguna. Nyumba yake iko rehani.
Nikamhurumia, Mungu ni shahidi,
nikamwonea na kijicho,
vyote viwili kwenye kiti kimoja.

Kumbe Atimango yuko mlangoni,
glavu za kukatia miiba bado mkononi,
miaka kumi na mmoja na hajazoea kuzivua.
"Na mimi. Nigawanye."

Nikamwambia, Atimango, hapa hakuna wa kulipa.
Akiba yako ipo kwenye Mfuko, ndiyo,
lakini Mfuko utakwambia urudi
ukitimiza arobaini na mitano.
"Sikuuliza nani atalipa.
Nimesema nigawanye."

Februari ilikuwa nono, tulilala humuhumu
tukifungia Wazungu mapenzi yao kwa mashada.
Mei ina pengo: malaria, kitanda cha Kisubi.
Jumla, milioni moja, laki nane,
sabini na tisa elfu na mia mbili.
Nikagawanya.
"Ngoja. Mwaka mzima siku hizo tu? Jumamosi zangu ziko wapi?"
Zimo kwenye pesa, nikamjibu, hazimo kwenye siku.
Akacheka mpaka akashika mlango.

Elfu saba na mia mbili kwa siku.
Robo tatu: elfu tano na mia nne.
Sabini kwa mia: elfu tano na arobaini.
Sietse alitazama viatu vyake.
Hesabu ni ileile, kigawanyo kilekile,
na hata serikali yake ingehamia Nkumba na sanduku lake lote
ingemlipa Atimango kivuli cha mshahara wake,
na mshahara wenyewe ulikuwa mfupi
saa sita mchana.

Akaomba nimwandikie. Nikamwandikia
nyuma ya lebo ya boksi, *waridi jekundu, sentimita sitini*.
Akaikunja mara nne, akaitia kifuani.
"Nilitaka tu nijue
nikiwa sina kazi, mimi ni shilingi ngapi."

Leo nauza vocha Bombo, karibu na kambi.
Wiki iliyopita simu ikalia: Sietse.
Hati ya Novemba haionekani,
na bila Novemba wastani wake unashuka.
Nikainama chini ya kitanda, kwenye sanduku
la karatasi ambazo hakuna aliyeniambia nizitunze.
Novemba ilikuwepo. Nikaipiga picha.
Simu ikasema sina bando.
Nikajiuzia vocha ya mia tano,
nikaiandika kwenye daftari la madeni, jina langu mwenyewe,
nikamtumia.

Alijibu kwa Kiswahili: *asante sana*.
Yangu mimi
sijaigawanya.