Kukaribia Matarajio

Jumatatu ya kwanza ya likizo ya Aprili
tumeitwa Webuye, walimu sitini na wanne wa hisabati.
Namba nzuri, alisema Bwana Osundwa, mraba wa nane,
na hakuna aliyecheka isipokuwa yeye.
Mvua ya usiku imeacha matope mlangoni.
Ng'ambo, dohani ya kiwanda cha karatasi imesimama
kama chaki iliyosahauliwa kwenye ukingo wa ubao.

Makaratasi tuliyopewa yana uzito wa mtoto mchanga.
Mtihani wa taifa umebadilika, wanasema.
Hakuna tena wa kwanza na wa mkia:
kuna anayezidi matarajio, anayeyafikia,
anayeyakaribia, na aliye chini yake.
Mwalimu Kegode, aliyebakiza mwaka astaafu,
ananinong'oneza: "Mkia ni mkia hata ukiusuka."
Naandika. Nimeandika tangu saa mbili.
Alama za darasani zitumwe kwa mtandao,
mtandao ambao kwetu Chwele
hupatikana juu ya kichuguu, nyuma ya choo cha wavulana.

Kisha, kabla ya chai, Osundwa akaandika:
tatu gawanya kwa robo tatu.
Tukacheka. Hili la darasa la sita!
"Geuza, zidisha," tukaitikia kwa pamoja.
Asili ikapanda juu, kiasi kikashuka,
nne ikatoka, safi, kama yai.
"Vyema," akasema. "Kwa nini mnageuza?"

Walimu sitini na wanne.
Mmoja akafungua kitabu cha mwalimu.
Mwingine akatoka kupokea simu ambayo haikulia.

Nami nikamwona Mukhwana.
Si kwamba alikuwepo. Alikuwa mwaka wa elfu mbili na tisa,
dawati la tatu, sweta imefumuka kiwikoni,
mkono juu: "Mwalimu, kwa nini tunageuza?"
Nikamwambia ndiyo kanuni.
Akauliza nani aliyeiweka.
Nikamtoa nje akang'oe nyasi mpaka kengele,
na wenzake wakajifunza siku ile jambo moja
ambalo halikuwa katika maazimio yangu ya kazi.

Siku hizi Mukhwana ni seremala, kando ya kinu cha mahindi.
Desemba nilimpelekea ubao wa mita tatu anitengenezee rafu.
"Vipande vya robo tatu ya mita," nikasema.
Akanyoosha utepe, akachomeka penseli sikioni,
hakugeuza chochote:
"Mita moja inatoa kipande na theluthi ya kipande.
Mita tatu, mara tatu. Vinne, mwalimu. Hakibaki kitu."
Akakata. Nikalipa.
Nikaenda nyumbani na jibu kwapani,
miezi minne, bila kujua nimelibeba.

Nikasimama. Goti liliniambia nikae.
Nikachora mstari, nikaukata mita kwa mita,
na niliposema, "Kipande na theluthi ni nne juu ya tatu,
ndiyo hiyo hiyo tunayoipata tukigeuza,"
Kegode akasema "Ala!" kwa sauti ya mtoto,
mtu wa miaka hamsini na tisa.

Osundwa akauliza nililisomea chuo gani.
Ningeweza kusema Kaimosi. Cheti ninacho.
Nikasema: kwa mwanafunzi niliyemtuma akang'oe nyasi.
Baadhi wakadhani ni mzaha.

Jioni wakatugawia fomu ya kujipima,
vile visanduku vinne tena, safari hii kwetu sisi.
Jirani yangu akajipa cha juu kabisa, bila kupepesa;
labda nauli ilitegemea hilo, nani ajuaye.
Haikutumwa siku ile hata hivyo.
Kalamu yangu ilizunguka juu ya cha tatu,
ikatua.
Kukaribia: nililitamka polepole, midomo tu,
na halikunichoma nilivyodhani.

Nikirudi nitapitia pale kinuni.
Sina hotuba.
Rafu moja imelegea; nitaanzia hapo.