Tairi za Jumapili

Jana Gethin alizichoma, pale Anglesey,
kona ya tatu, upepo wa bahari ubavuni;
mpira ukalainika kama halua juani,
ukaing'ang'ania lami, ukalia kwa raha.
Kwa dakika ishirini hakuwa na mkopo wa nyumba.

Leo Jumatatu, mvua ya Wales haibishi hodi.
Tairi ni zilezile, zimekakamaa kama ugali uliolala,
kashata milimita tatu,
changarawe zilizonata zikigonga bodi ta, ta, ta
njia nzima ya shule.
"Baba, gari linatafuna nini?"
auliza Mali, miaka sita. Ndilo jina lake,
na ndiyo mali yake yote, mkoba mapajani.

Kwenye kipilefti cha Llangefni mkia ukateleza,
shibiri moja tu.
Mshika mbili moja humponyoka:
akashika usukani kwa zote mbili, kimya.

Jioni akapiga jeki. Nerys akamulika tochi, hakuuliza.
Nati tano, tano, tano, tano.
Mali akachokoa kijiwe kwenye mpira,
akakinusa,
akakificha mfukoni.