Kifuu

Nafua nazi Langoni,
kumi nzima za kapuni,
kwa hekalu la jirani,
Jumatatu ikifika.

Hunambia Giridhari:
"Kifuu ndicho kiburi,
maji yake ndiyo siri,
hutoka kikipasuka."

Nazi yagonga jiweni,
ndara zetu zi ngazini,
kengele yalia ndani,
maji yanatiririka.

Mimi nangoja ujira.
Kwangu nazi biashara,
si kichwa wala ishara,
ni tui la kuchemka.

Kuze, ni mwaka wa pili,
mimi na ndugu Fadhili
sinia moja hatuli,
kwa neno lilonitoka.

Jana, nazi ya mchuzi,
nimeikalia mbuzi,
maji yashuka ja uzi:
nikaacha, nikavuka.

Mlangoni kwa Fadhili,
vifuu vyangu viwili,
nimevua ndara mbili.
Nabisha. Ataitika?