Ukurasa wa Nne

Dola mia moja themanini na sita, senti arobaini.
Nimeisoma ankara mara mbili nimevaa miwani,
mara ya tatu nikaivua, labda tarakimu zingenihurumia.
Laini tatu: yangu;
ya Reijo, aliyehamia Kenora kwa fundi wa meno
akaniacha mimi, ila mpango wa familia hakuuacha;
na ya Kalle.

Thunder Bay, nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Basi la shule nimelichomekea waya wa umeme
kama mgonjwa, injini isigande.
Doreen wa njia namba sita anakwangua barafu kwenye kioo.
Yeye alihama tangu Septemba, analipa ishirini na tisa.
"Minara ni ileile, Eila, jina tu ndilo jingine.
Yule dubu wao anayecheza dansi kwenye televisheni,
posho yake unaitoa wewe."
Nikasema nitafikiria.
Maana rahisi ghali.
Maana mtandao ukikatika huko njia ya msituni, na watoto thelathini nyuma yangu.
Maana.

Sababu yenyewe sikumwambia.
Sababu ni ukurasa wa nne,
ukurasa wa Kalle.

Tangu Mei hapigi wala hapokei,
tangu tulipogombana juu ya gari la babu yake
tukatoleana maneno ambayo hayarudishwi dukani hata ukiwa na risiti.
Yuko Fort McMurray, kwenye mchanga wa mafuta.
Najua kwa kuwa ankara inajua.
Tarehe tatu, saa saba usiku, namba ya Edmonton, dakika kumi na nne.
Tarehe tisa, namba ileile, dakika hamsini.
Ana mtu, nikajisemea, nikajiongezea sukari.
Tarehe kumi na tisa, dakika moja, namba ngeni.
Nikaitafuta: zahanati.
Siku ile niliendesha basi kama nimepakia mayai,
ingawa tarehe kumi na tisa ilishapita wiki mbili nyuma.
Tarehe ishirini, Edmonton, dakika sabini na mbili.
Nikapumua.
Wenzangu hupata barua. Mimi hupata hii,
dola sitini na mbili kwa mwezi, pamoja na stempu.

Kampuni ya bei chee haitumi karatasi.

Lakini mtu hujikuna ajipatapo,
na tanuri la nyumba limeanza tena kukohoa,
lile ambalo Kalle alilijua pa kulipiga teke likatulia.
Jumamosi nikaketi mezani, nikapiga simu.
Kijana wa huduma, Gurtej, sauti ya mtu aliyelelewa na bibi, akasema:
"Kila namba itapata ujumbe. Mwenye simu ajibu NDIYO
ndani ya dakika tisini. Asipojibu, namba haihami."

Yangu nikaijibu.
Ya Reijo ilijibiwa kabla sijaweka kalamu chini;
kuondoka hajawahi kuchelewa.
Nikaosha vyombo visivyokuwa vichafu.
Dakika ya arobaini, theluji ikaporomoka kutoka paani, nikadhani ni mlango.
Dakika ya sitini nikaanza kumtetea: yuko zamu, amevaa glavu, simu iko kabatini.
Dakika ya themanini sikuwa na la kumtetea.

Ya themanini na tatu, Gurtej akapiga:
"Namba ya tatu imekubali, mama."

Kisha simu ikatetema juu ya meza, ikasogea kidogo kuelekea kikombe.

*Ni wewe mama, au ni matapeli?*

Maneno sita. Nimeyahesabu, mazoea ya ankara.

Nikaandika: Ni mimi. Bei imeshuka. Tanuri linakohoa.
Nikasoma tena.
Nikafuta bei.
Nikaacha tanuri.